Mnatupa urefu wa namba, utamu mnabaki nao

Juzi tena nimeona mtu kashea ile habari ya namba tasa kubwa iliyopatikana 2024 (tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe), na kama kawaida watu wote wameng'ang'ania urefu, tarakimu 41,024,320, duh, basi imeishia hapo. Kilichoniudhi zaidi ni kichwa cha habari, eti namba tasa kubwa kuliko zote. Jamani, Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alishathibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba namba tasa hazina mwisho! Hii ni kubwa kuliko zote tunazozijua, na hilo neno "tunazozijua" mkiliacha mmepotosha habari nzima.

Namba yenyewe ni 2 kipeo 136,279,841, toa 1. Ukiiandika kwa namba za kompyuta zile za 0 na 1, ni moja tupu mwanzo mpaka mwisho, hamna sifuri hata moja kati yake. Sasa nani kakaa akaigawa kwa kila namba mpaka akaridhika haigawanyiki? Hakuna, na hiyo kazi haiwezekani kabisa.

Utamu ndo uko hapa. Kuna njia ya kupima namba za aina hii, aliianzisha mwanahisabati Mfaransa Lucas, Mmarekani Lehmer akaja kuiweka sawa. Chukua 2 kipeo 5 toa 1, yaani 31. Anza na 4, izidishe yenyewe kwa yenyewe halafu toa 2, unapata 14. Rudia, 14 mara 14 toa 2 ni 194, gawa kwa 31 ubaki na baki tu, ni 8. Rudia tena, 64 toa 2 ni 62, gawa kwa 31, baki sifuri. Hatua ni kipeo toa 2, kipeo ni 5 kwa hiyo hatua ni 3, na ya mwisho ikitoa sifuri namba ni tasa, hakuna mjadala. Hujatafuta kigawo hata kimoja! Mi nilijaribu na 127, yaani 2 kipeo 7 toa 1, kwenye karatasi, hatua ya mwisho ikaja 12,319, nagawa kwa 127 inatoka 97 kamili, nikaweka kalamu chini nikabaki naiangalia tu. Ile kubwa imethibitishwa kwa njia hii hii, ila hatua zake ni 136,279,839.

Haya, haina matumizi leo, nakubali, usalama wa intaneti unatumia namba tasa za tarakimu mia kadhaa tu. Sawa. Ila hilo jina "tasa" huwa linaniuma, maana namba zote zingine zinazaliwa na hizi hizi.

Na njia ya Lucas inafanya kazi hata jibu likiwa hapana. Mersenne, mtawa na mwanahisabati wa Ufaransa, mwaka 1644 aliiweka 2 kipeo 67 toa 1 kwenye orodha yake ya namba tasa. Mwaka 1876 Lucas akaonyesha sio tasa, bila kutaja kigawo chochote. Ikabidi isubiriwe mpaka 1903, mwanahisabati Mmarekani Cole ndo akaja na 193,707,721 mara 761,838,257,287. Miaka 27 yote hiyo ilijulikana vigawo vipo, na hakuna aliyekuwa amewahi kuviona.