Ankara kwa barua pepe: HTML au maandishi matupu?

Kontena limeshushwa Kilindini, na wakala wa forodha anamwandikia mteja gharama zake. Atume maandishi matupu, au HTML (lugha ya kuunda kurasa za wavuti) yenye nembo, rangi na vitufe? Ofisi nyingi za Mombasa huchagua kwa kutazama urembo, ilhali kinachochezewa hapa ni pesa za watu.

Ndani ya HTML, maneno unayoyasoma na anwani ya kiungo ni vitu viwili mbalimbali. Kitufe kitasema "Lipa ushuru hapa" na nyuma yake ikawa ni tovuti ya tapeli. Kwenye simu, sharti ukibonyeze na kukishikilia ndipo uione anwani, na mwenye haraka hafanyi hivyo. Maandishi matupu huianika anwani herufi kwa herufi. Ila akaunti ya benki iliyobadilishwa na mwizi haifichuliwi na mtindo wowote: mpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali.

Hata hivyo, kwa hesabu HTML ina haki yake. Panga ushuru, storeji na usafiri wa lori kwa kubonyeza nafasi za kibodi: kwako safu zimenyooka, kwa mteja zimepinda, kwa kuwa fonti ya simu yake huipa "i" nafasi ndogo kuliko "m". Tarakimu ya storeji ikasomwa kwenye mstari wa ushuru. Jedwali huondoa utata huo, mradi libaki jepesi. Outlook ya Windows ya 2007, na matoleo kadhaa yaliyofuata, huchora barua kwa injini ya Word na kupuuza mitindo mingi. Gmail nayo huikata barua ikizidi takriban KB 102, na jumla ya malipo huwa chini kabisa.

Maagizo ya malipo tungeyaandika kwa maandishi matupu daima. Ankara yenye jedwali ibebe sehemu zote mbili. MIME, kanuni ya kupanga sehemu za barua pepe, imeruhusu hivyo tangu 1992. Maandishi hutangulia, HTML hufuata, na programu ya msomaji huchukua ya mwisho inayoielewa. Mahali panapoharibika ni kwenye kiolezo: HTML husahihishwa, sehemu ya maandishi ikabaki na hesabu za mwezi uliopita. Kabla ya kumtumia mteja, jitumie mwenyewe, uifungue kwa programu ya barua ya Thunderbird, uchague mwili wa barua uonyeshwe kama maandishi matupu, kisha ulinganishe jumla.