Behewa sahihi, lakini sahihi kwa nani?

Sisi wachache wa Nairobi tunaocheza na treni za mfano tuna ugomvi mmoja usiokwisha. Behewa la kununua likiwa tayari, la kutolewa kwenye boksi na kuwekwa relini, lifanane na behewa halisi kiasi gani ndipo listahili bei yake? Upande mmoja wamo wanaohesabu riveti, vile vichwa vya misumari inayoshikanisha mabati, kwa kioo cha kukuzia. Upande wa pili tumo sisi tunaoambiwa tunanunua vitu vya watoto.

Wahesabu riveti wana haki yao. Kwa miaka mingi viwanda vilitumia chasisi moja chini ya bodi za kila namna, vikabadilisha rangi na maandishi tu. Behewa la makaa la Uingereza la muundo wa mwaka 1923 lilikuwa na futi 9 kati ya ekseli na ekseli. Mfano ukitumia milimita 4 kwa kila futi ya behewa halisi, hizo ni milimita 36. Ukiliwekea chasisi ya futi 10 umeongeza milimita 4, na jicho lililozoea huziona kutoka ng'ambo ya meza. Mabehewa ya siku hizi yameponya hayo: magurudumu ya chuma, mabomba ya breki, ngazi nyembamba kama uzi. Yanapendeza kweli.

Ila skeli inayopendwa zaidi Uingereza, 1:76, yaani mfano mdogo mara 76 kuliko kitu halisi, hutembea juu ya reli yenye upana wa milimita 16.5. Zidisha, utapata milimita 1,254. Reli halisi ya Uingereza ni 1,435. Kwa hiyo lile behewa lililohesabiwa kila riveti limesimama juu ya njia iliyopungua sentimita 18, na hakuna anayekosa usingizi. Sasa lilete Nairobi. Reli yetu ya zamani, iliyofika hapa kutoka Mombasa mwaka 1899, ina upana wa mita moja. Njia ileile iliyombana Mwingereza imegeuka pana kwetu kwa sentimita 25! Hesabu hii nimeipiga mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mzima. Ukikimbilia reli ya milimita 12 unaangukia 912, pungufu karibu sentimita 9. Waswisi, ambao nao wana reli za mita moja, huundiwa mabehewa ya 1:87 juu ya milimita 12, na hapo unapata 1,044. Umekaribia, lakini umenunua behewa la milima ya Alps. Anayepata bila jasho ni kijana anayeunda SGR, reli yetu mpya yenye upana wa 1,435: 1:87 juu ya milimita 16.5 ni 1,435, barabara kabisa. Reli ya 2017 imepewa dukani kile ambacho sisi wa Garratt, zile injini kubwa za mvuke za reli ya zamani, tunakisaka hadi leo.

Ndiyo maana nalitetea behewa la bei rahisi. Lile la kisasa linaweza kupita paundi 30, kabla ya usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Likishafika, nani atathubutu kulipitishia msumeno? Utaliweka kabatini. (La kwangu lilifika ngazi zake zikiwa zimelala chini ya boksi, kwa hiyo hata kabati halikufaidi.) La bei rahisi nalikata bila kutetemeka. Nakwenda Makumbusho ya Reli na mkanda wa kupimia, nasimama kando ya mabehewa yaliyoegeshwa karibu na Mount Gelai, injini namba 5918, naandika urefu, kimo na nafasi ya milango. Nikirudi nyumbani nakata, nagundi, napaka rangi, naandika EAR, yaani East African Railways. Usahihi huo haumo kwenye boksi la mtu yeyote, hata la paundi mia.

Mwenzangu mmoja ana hoja inayonichoma. East African Railways ilivunjika 1977, na behewa likishauzwa kama chuma chakavu halirudi. Mtoto ambaye hajaliona atauamini mfano ulio mezani, na mfano ukidanganya, amedanganywa kwa maisha. Hapo sina ubishi. Bodi iliyozidi kimo haiponywi na rangi, na wapo wa upande wetu wanaobandika herufi tatu kwenye behewa la samaki la Uingereza wakaliita la Kisumu. Mimi kabla ya kulipa hupima urefu, kimo na umbali wa ekseli. Vikikataa, silinunui hata likiwa la bure. Riveti namwachia yeye.

Mwezi uliopita nilimwonyesha la mwisho nililokata. Nilikuwa nimejisifu kwamba nimeng'oa zile bafa mbili za pembeni za Kiingereza, vile vyuma vya kupokea mgongano, maana mabehewa yetu ya mita moja hugongana kwa bafa moja ya katikati. Aliinama, akalizungusha polepole mkononi, akaniuliza za nyuma nimeziacha za nini.