Mfumo Gani Huu Unaokataa Ng'?

Wiki iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu kufungua akaunti ya benki, pale Mwenge. Jina lake la ukoo lina ng', yenye ile alama ya ritifaa ('), kama majina mengi ya Usukumani. Kijana wa dirishani akaliandika sawasawa, kompyuta ikajibu kwa maandishi mekundu: jina si sahihi. "Mama, tuiondoe tu hii ritifaa, mfumo hauikubali." Shangazi akamwambia taratibu, "Mwanangu, hilo ndilo jina la baba yangu." Ikaondolewa. Sasa jina la akaunti halifanani na la kitambulisho, na usumbufu wake mnaujua.

Hasira yangu siielekezi Marekani. Ndiyo, ASCII, orodha ya Kimarekani ya herufi za kompyuta ya mwaka 1963, ilipangwa kwa ajili ya Kiingereza, na wapo walioumia kuliko sisi. Waethiopia walisubiri mpaka 1999 ndipo herufi zao zikaingia Unicode, orodha ya herufi za lugha za dunia nzima, na ujumbe mfupi wa Kiamhari unaishia herufi 70 pale sisi tunapopata 160. Lakini ritifaa imo ndani ya ASCII! Kila kibodi inayo. Aliyeikataa ni mtu aliyeandika kanuni kwamba jina ni A mpaka Z, basi. Na mfumo ule umetengenezwa hapahapa Dar, na watu waliofundishwa kusoma ng'ombe wakiwa darasa la kwanza. Hilo ndilo linaloniuma.

Najua watajitetea kwamba wadukuzi huitumia alama hiyo kupenyeza amri kwenye kanzidata. Ni kweli. Ila dawa yake inajulikana miaka mingi: tenganisha amri na data, jina lipite kama data tu, liwe na alama yoyote. Mfumo unaojilinda kwa kukata majina ya watu una matundu kwingine.

Gumu kidogo ni hili: baadhi ya simu hugeuza ritifaa iliyonyooka ikawa iliyopinda. Kwa macho ni ileile, kwa kompyuta ni namba mbili za Unicode, U+0027 na U+2019, vitu viwili tofauti, kwa hiyo mtu aliyejisajili kwa simu haonekani akitafutwa ofisini. Nalo linatibika. Zigeuze zote ziwe aina moja kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta; ni mistari michache ya msimbo.



Nchi hii imewahi kuwa na waziri wa sayansi na teknolojia aitwaye Pius Ng'wandu. Ina wilaya ya Nyang'hwale. Ina Ng'ambo, pale Unguja. Wenzangu mnaotengeneza mifumo pale Kijitonyama, mnapoijaribu acheni kuingiza John Doe, lile jina la mfano la Kiingereza. Ingizeni Ng'wandu, ingizeni Nyang'hwale, kwa kompyuta na kwa simu, na yakikataliwa msiuzindue huo mfumo.