Mgombea binafsi wa urais: namuunga mkono, lakini ibara ya 39 peke yake haitoshi

Ibara ya 39 ya Katiba ya Tanzania inataka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, awe na sifa za kuwa mbunge, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Sharti hilo la mwisho limebishaniwa tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992. Mimi naunga mkono mgombea binafsi, yaani asiyepitia chama. Ila tunaomtetea tumezoea kudai ibara hiyo moja ifutwe, basi, na hapo tunakosea. Ukiigusa 39 ukaziacha nyingine, unampeleka Ikulu mtu ambaye Katiba yenyewe haijui imfanye nini.

Historia yake kwa kifupi: Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi ya kudai mgombea binafsi mwaka 1993, na Oktoba 24, 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akampa ushindi. Desemba 2 mwaka huohuo Bunge likapitisha Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba yaliyouzima ushindi huo. Mtikila akarudi mahakamani, Mahakama Kuu ikampa ushindi tena mwaka 2006, lakini Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua na kusema hilo ni suala la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikaamua kwamba Tanzania inavunja haki za raia kwa kumlazimisha mgombea apitie chama. Hukumu hiyo haijatekelezwa.

Hoja ya haki ya raia inajulikana. Kwangu yenye uzito zaidi ni jinsi sharti hili linavyoviharibu vyama vyenyewe. Mwaka 2015 jina la Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani, lilikatwa Dodoma kwenye mchujo wa chama tawala, CCM. Alikuwa na wafuasi, mtandao na fedha, lakini hakuwa na karatasi ya kumfikisha kwenye Tume ya Uchaguzi. Akahamia Chadema, na ndani ya wiki chache akawa mgombea wa chama alichokipinga miaka yote. Dk. Willibrod Slaa, aliyekuwa amekibeba chama hicho kwenye uchaguzi wa 2010, akajitoa. Lowassa alipata karibu asilimia 40 ya kura, na Machi 2019 akarudi CCM. Chama kilipata kura nyingi kuliko wakati wowote kabla ya hapo, kikabaki kinaeleza kwa nini kilimsafisha mtu kiliyemtaja kwa ufisadi. Augustine Mrema alifanya safari ya namna hiyo kutoka CCM kwenda NCCR-Mageuzi mwaka 1995, na Bernard Membe akaenda ACT-Wazalendo mwaka 2020. Njia ya mgombea binafsi ingekuwepo, wote watatu wangeweza kusimama kwa majina yao, na vyama vikabaki na watu vilivyowalea.

Uchaguzi wa Oktoba 2025 umeonyesha upande mwingine wa tatizo. Chadema hawakusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, wakawekwa nje. Luhaga Mpina aliteuliwa na ACT-Wazalendo, uteuzi wake ukapingwa kwa madai kwamba haukufuata kanuni za chama chake, Mahakama Kuu ikaamuru fomu zake zipokelewe, kisha Septemba Tume ikamwondoa tena kwa pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tuache nani alikuwa sahihi kisheria. Kosa la chama, la kweli au la kudaiwa, lilimfuta mgombea, na wapiga kura wake wakakosa pa kuweka tiki.

Wanaopinga wana hoja, na si zote za kupuuzwa. Ile ya kwamba mgombea binafsi ataleta ukabila na udini sioni inavyosimama. Kenya imemruhusu tangu Katiba ya 2010, na mwaka 2017 watatu kati ya wagombea wanane walikuwa binafsi. Kura zao zote kwa pamoja hazikufika asilimia moja. Ukabila wa siasa za Kenya umepanda magari ya vyama na miungano.

Hoja nzito ni ya uwajibikaji. Rais asiye na chama hana kikao kinachoweza kumwita na kumhoji. Tunisia ilimchagua Kais Saied mwaka 2019, mgombea binafsi aliyeshinda kwa zaidi ya asilimia 70 kwenye duru ya pili. Julai 2021 alisimamisha Bunge, na Machi 2022 akalivunja. Benin ilimchagua Patrice Talon mwaka 2016, naye akiwa binafsi. Kufikia uchaguzi wa 2021 sheria ilikuwa inamtaka mgombea adhaminiwe na wabunge na mameya, ambao karibu wote walikuwa upande wa Rais. Aliyeingia bila chama ndiye aliyewafungia wengine. Nikijibu kwamba hata marais wenye vyama hufanya hayo, nitakuwa nimesema kweli, lakini sijaijibu hoja. Jibu liko kwenye vifungu.

Chukua ibara ya 51. Rais anamteua Waziri Mkuu kutoka chama chenye wabunge wengi, na Bunge linamthibitisha. Rais binafsi atalazimika kumpa kazi mtu wa chama alichokishinda wiki mbili nyuma. Hilo linaweza kufanya kazi, hata kwa faida, kwa kuwa Serikali italazimika kujadiliana na Bunge. Lakini angalia ibara ya 90: Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Kwa Rais mwenye chama, kuvunja Bunge ni kuwaponza wabunge wake mwenyewe, kwa hiyo anafikiri mara mbili. Rais binafsi hapotezi mbunge hata mmoja. Hapa ndipo Tunisia inaweza kujirudia kwetu, na kinga yake iandikwe: akilivunja Bunge kwa sababu ya bajeti, na yeye arudi kwa wapiga kura siku ileile ya kuchagua Bunge jipya.

Ibara ya 47 inasema mgombea mwenza anapendekezwa na chama chake. Binafsi atamtoa wapi? Iandikwe kwamba wawili hao wanajitokeza pamoja, mmoja Bara na mwingine Zanzibar, kwenye fomu moja. Ibara ya 37 nayo, Makamu anapochukua urais, inamtaka ashauriane na chama chake kabla ya kupeleka Bungeni jina la Makamu mpya. Machi 2021, Rais Magufuli alipofariki, tuliona jinsi kifungu hicho kinavyohitajika ghafla. Pasipo chama, jina liende moja kwa moja Bungeni, na kura ya kulithibitisha ipandishwe hadi theluthi mbili.

Lililo gumu kuliko yote ni ibara ya 41. Tangu mabadiliko ya mwaka 2000, mshindi wa urais ni mwenye kura nyingi kuliko mwingine, hata zikiwa asilimia 25. Hatujawahi kuona madhara yake kwa sababu kila mshindi tangu hapo ametangazwa na zaidi ya nusu. Mwaka 2025 karatasi ilikuwa na wagombea 17. Ongeza wagombea binafsi kumi wenye nguvu, kila mmoja kwao, na kura zinagawanyika vipande vidogo. Rais mwenye robo ya kura na asiye na mbunge hata mmoja hataweza kutawala, na atashawishika kutafuta njia nyingine. Kwa hiyo nusu ya kura irudishwe kama ilivyokuwa 1995, na duru ya pili kati ya wawili wa juu. Gharama ya duru hiyo ni kubwa, nakubali. Nailipa.

Wadhamini, yaani wapiga kura wanaosaini fomu ya mgombea, nao waongezwe. Leo mgombea anahitaji 200 katika kila mkoa kati ya mikoa 10, angalau miwili ikiwa ya Zanzibar: jumla 2,000, wakati daftari la 2025 lilikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 37. Chama kina makatibu mikoani wa kukusanya. Binafsi atatumia watu wa kulipwa, na hapo ndipo namba za kadi hukosewa au jina moja hutokea kwenye fomu mbili. Ningependekeza 500 katika mikoa 20, na uhakiki ufanyike kila mkoa siku 30 kabla ya uteuzi, ili aliyekosea namba arekebishe badala ya kusubiri pingamizi la siku ya mwisho.

Mabadiliko yote haya yanaweza kuingia kwenye muswada mmoja wa theluthi mbili, bila kusubiri katiba mpya nzima. Mwaka 1994, kutoka hukumu ya Jaji Lugakingira hadi Bunge kupitisha mabadiliko ya kuizima, zilipita siku 39.