Hawa kodi wanalipa na nini?

Kazi yangu ni kuhesabu hela za watu. Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu huku Mbagala, mwaka wa saba sasa, na kuanzia asubuhi mpaka saa tatu usiku ninachosikia ni "nitolee elfu ishirini", "niwekee elfu tano", "kaka, makato yake shilingi ngapi?" Juzi alikuja mama mmoja muuza maandazi. Salio lake lilikuwa elfu kumi na mia nne, akataka kutoa kumi kamili. Nikamwambia mama, hapo makato hayatoshi. Akasimama, akakunja vidole kimoja kimoja akihesabu bila sauti, midomo tu ndiyo inacheza, mwisho akasema, "Haya, nitolee tisa." Akapokea, akazipanga noti uso kwa uso, akaondoka. Hakuna alichosema zaidi, lakini kuna mtu alikuwa anaisubiri ile elfu moja, na mimi nilibaki namuwaza mtu huyo mpaka nafunga.

Nikifika nyumbani, nikala, mimi na mke wangu tunawasha muvi. Si mtaalamu mimi. Sijui mambo ya taa wala kamera, na majina ya waigizaji yananipita. Napenda filamu za maisha ya watu tu, zile za kununiana na kusameheana, ambazo stelingi hana bastola. Na baada ya miaka ya kuangalia nimegundua kwamba nina ugonjwa wa kazini: mtu akitokea tu kwenye skrini nataka kujua hela yake inatoka wapi. Nikishajua, atanipeleka anakotaka. Nisipojua, hata alie mpaka kope zidondoke, mimi nasinzia.

Ugonjwa huu ulinizidi mwezi uliopita, tulipoangalia A Separation, filamu ya Iran ya mwaka 2011 iliyoongozwa na Asghar Farhadi. Najua nimechelewa. Ilishachukua Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni mwaka 2012, ya kwanza kwa Iran, wenzangu mlishaiona na kuisahau. Mimi ndiyo kwanza. Lugha yao ni Kiajemi, maandishi ya chini ni Kiingereza yanakimbia kama daladala ya mwisho, kwa hiyo nilikuwa namtafsiria mke wangu kwa sauti, kama wale jamaa wanaotafsiri muvi kwenye kibanda umiza, yale mabanda ya video ya mtaani, ila mimi sitii chumvi.

Hadithi yenyewe ukiisimulia ni ndogo. Mke, Simin, anataka wahame nchi. Mume, Nader, hataki kumwacha baba yake mzee aliyepoteza kumbukumbu. Mke anarudi kwao. Mume anatafuta mwanamke wa kumwangalia mzee mchana, anampata Razieh, mjamzito, maskini, mcha Mungu, mwenye mume anayedaiwa huku na huku. Siku ya kwanza tu mzee anajikojolea. Razieh anasimama pale hajui afanye nini, kisha anachukua simu kuuliza kama ni dhambi kumbadilisha nguo mwanamume asiye maharimu wake. Mke wangu ni mtu wa Tanga. Alikaa sawa kwenye kochi. "Huyu namjua," akasema.

Halafu hela zinapotea kwenye droo. Nader anamshuku Razieh, wanagombana mlangoni, mwanamke anasukumwa nje, mimba inatoka, na kesi inaanza. Sisi watazamaji tulikuwepo, tuliona zile hela zimekwenda wapi: Simin alizichukua kuwalipa wabeba mizigo waliokuwa wanashusha piano kwenye ngazi, wakadai nyongeza. Ni jambo la sekunde chache mwanzoni kabisa, watu wanabishana kwenye ngazi, hata huwezi kudhani lina maana. Mimi nililiona. Nilimwambia mke wangu, "Hizo hela mtu ataziulizia." Kwa wakala hiyo ni hisia ya kawaida, hesabu isipofunga jioni unaanza kukumbuka kila mkono uliopita.

Lakini kipande kilichonikaa ni kingine, na sijui kama wengine wanakitilia maanani. Nader yuko na binti yake, Termeh, wa miaka kumi na moja, kwenye kituo cha mafuta. Anamwambia ashuke ajaze mwenyewe. Mtoto anajaza, analipa, anarudi bila chenji. Baba anauliza chenji iko wapi. Mhudumu kaichukua, kama bakshishi. Baba anamrudisha: kadai, bakshishi ni ya anayejaza mafuta, na aliyejaza ni wewe. Anamwangalia kwenye kioo mtoto akibishana na watu wazima, na usoni anajisikia fahari. Mtoto anarudi na hela, baba anamwambia zako hizo. Basi. Hapo nimeshamjua Nader wote: mtu wa haki, mtu wa kubishania chenji, na kwa sababu hiyohiyo ndiye atakayeivunja nyumba yake. Angeweza kulipa yaishe. Hawezi.

Mwishoni wanakaa sebuleni kwa kina Razieh kumaliza jambo kwa diya, yaani fidia ya ile mimba. Wadai wa mumewe nao wamekuja wamekaa pale pale, wanasubiri mgao wao. Hundi zimeshaandikwa. Nader anaomba kitu kimoja tu, Razieh aape kwa Msahafu kwamba mimba ilitoka kwa sababu ya kule kusukumwa. Na Razieh hawezi, kwa sababu siku moja kabla aligongwa na gari na hana uhakika. Anajua deni la mumewe, anajua kwamba akitamka tu maneno yale limekwisha. Anakwenda jikoni. Mumewe anamfuata, anambembeleza, anajipiga usoni. Hapo sikutafsiri. Hapakuwa na haja. Mke wangu alishaziba mdomo kwa khanga.

Sasa linganisha na tamthilia zetu, na nitasema kwa upendo maana bado naziangalia. Dada anaamka akiwa amejipamba tayari, anashuka ngazi za marumaru, mezani kuna juisi, mayai na tikiti maji lililokatwa vizuri, na hakuna anayekula. Baba anabeba mkoba: "Nachelewa ofisini." Ofisi ya nini? Haisemwi. Ofisini kwenyewe kuna meza, kompyuta iliyofunikwa na bendera ndogo. Kuna moja, siitaji, walizungumzia "ile tenda" vipindi kumi na kitu. Tenda ikachelewa, tenda ikahujumiwa, mtu akawekewa sumu kwa ajili ya tenda. Tenda ya kitu gani hatukuambiwa mpaka leo. Mke wangu anashikilia ilikuwa ya madawati. Mimi nasema kokoto.

Na yeye ndiye mwenye swali lake, analiuliza kila zikianza: "Hawa kodi wanalipa na nini?" Sisi tunaojua mwenye nyumba akitaka miezi sita kwa mkupuo maana yake nini, swali hilo si la utani. Nikiona mtu anaachika kwenye tamthilia, anabeba begi moja, kesho yake yuko kwenye nyumba nyingine yenye kochi jeupe, namtafuta aliyemlipia. Nasikia sababu, kwamba nyumba ya kurekodia mara nyingi ni ya kuazima, siku ni chache, ndiyo maana kila kitu kinatokea sebuleni. Sawa. Lakini kusema mtu anauza nini hakuhitaji nyumba. Ni sentensi moja.

Na si kwamba hatuwezi. Binti, ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, ina wanawake wanne wa hapahapa Dar, na wa kwanza, Tumaini, ana duka na ana deni la mkopeshaji. Dakika tano za mwanzo nilikuwa nimeshika mto wa kochi. Kila siku naona watu wa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, wakipita mtaani kwetu na madaftari yao, najua mwanamke anavyobadilisha njia akiwaona. Filamu ile ilijua. Ila ilipomwacha Tumaini ikaenda kwa wengine, kwenye nyumba zenye nafasi zaidi, mimi kidogo nilibaki nyuma dukani. Wenye kupenda hadithi za ndoa watasema sehemu za mbele ndizo zenye uzito, na kwa yule bi harusi mtarajiwa mwenye mchumba wa mkono mwepesi nakubaliana nao. Mimi nilitaka kujua deni liliishaje.

Vuta N'Kuvute sitaisema sana, maana nitagombana na ndugu zangu wa Unguja. Kitabu cha Adam Shafi wengi tulikutana nacho kidato cha tano na sita, tukakisoma kwa ajili ya mtihani na baadaye tukakikumbuka kwa ajili ya Yasmin. Filamu ya Amil Shivji, iliyokwenda Toronto mwaka 2021, ni nzuri kuitazama kiasi kwamba ningeweza kuzima sauti. Rangi zile, vichochoro vile, taarabu ya Mwajuma, rafiki yake Yasmin. Labda ni nzuri mno. Kwenye kitabu nilimhisi Yasmin anavyoshuka kutoka nyumba ya mume mwenye mali mpaka chumba cha Ng'ambo, mitaa ya watu wa chini, nikajua amepoteza nini na amepata nini. Kwenye filamu umaskini wenyewe umependeza, na mimi nikabaki najiuliza jioni ile wamekula nini.

Filamu ya kisa cha Malawi, The Boy Who Harnessed the Wind ya mwaka 2019, inakwenda upande wa pili kabisa. Pale kila kitu kina bei na kila mtu anaijua. William anafukuzwa shule kwa ada. Miti inauzwa kwa kampuni ya tumbaku kwa sababu watu wanahitaji fedha leo, na mvua ya mwakani ni habari ya mwakani. Mahindi yanaisha. Halafu mtoto anakuja na wazo lake la kutengeneza umeme kwa upepo na anamwomba baba yake baiskeli aikate vipande. Wengi mtasema filamu ni ya mtoto, na kijana wa Kenya aliyemwigiza, Maxwell Simba, anastahili sifa zote. Kwangu mimi ni ya baba. Chiwetel Ejiofor, anayemwigiza baba na ndiye mwongozaji pia, anakataa kwa hasira, na ukimwangalia mikono unaelewa: baiskeli ile ndiyo gari lake, ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo akiba yake benki. Mtu aliyeshiba atasema baba katili. Mimi nilimwelewa, hata nikamuunga mkono, ingawa nilijua mwisho wake maana habari ya William Kamkwamba ni ya kweli. Mwisho umekwenda mbio lakini. Maji yanatoka, watu wanashangilia, imekwisha.

Capernaum ya Lebanon niliiangalia peke yangu, mke wangu alikataa baada ya nusu saa. Mama wa Kiethiopia, Rahil, anafanya kazi ya usafi Beirut bila vibali, anamficha mwanawe chooni kazini. Wenye ndugu Uarabuni mtaiangalia kwa shida. Zain, mtoto wa miaka kama kumi na miwili, anabaki na yule kichanga, hana maziwa, anampa barafu aliyoinyunyizia sukari. Nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji.

Sasa nikiri kwamba kanuni yangu ilivunjwa, na aliyeivunja ni mtoto. Supa Modo, ya Likarion Wainaina wa Kenya, 2018. Jo ana miaka tisa, ana ugonjwa usiopona, mama yake anamtoa hospitali wamalizie siku nyumbani, na yeye anataka kuwa shujaa wa kwenye sinema. Kijiji kizima kinaingia kwenye uongo huo, baadaye wanatengeneza filamu kwa ajili yake. Sikumbuki kusikia bili ya hospitali. Sikujua wale watu waliacha kazi gani kuja kuigiza. Kwa hesabu zangu nilitakiwa nisinzie. Binti yangu naye ana tisa, alikuwa ameniegemea begani, na ilipofika karibu na mwisho akauliza, "Baba, yeye anajua kuwa wanamdanganya?" Nikasema anajua. "Sasa mbona anafurahi?" Nilijifanya mafua.

Hizi zote, niseme ukweli, nimezipata kwa kijana wa pale jirani na kibanda changu, anayeingiza muvi kwenye flashi. Shilingi mia tano moja, tano kwa elfu mbili ukimzoea. Jumamosi nilikuwa namsifia kwa mke wangu, kwamba wiki ijayo ananitafutia nyingine za Iran, na kwamba hata Binti alinipa kwa mia tano ileile, filamu ya hapahapa nyumbani. Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Hakunyanyua kichwa.

"Na hao walioigiza," akasema, "wao kodi wanalipa na nini?"

Nikamwambia zima taa, kesho nafungua mapema.