Ukifika Mji Mgeni, Vaa Raba

Kati ya vitu vyote ninavyopakia safarini, raba ndizo zinazokula nafasi kubwa kwenye begi, na ndizo za mwisho ambazo ningekubali kuziacha. Nguo zinafuliwa, chaja zinaazimwa. Lakini mji ambao sijaukimbia huwa nahisi sijaufika. Nimelala tu ndani yake.

Wapo wakisikia hivi watasema ni wazimu wa mazoezi. Sivyo. Ingekuwa ni mazoezi tu, hoteli nyingi siku hizi zina chumba chenye mashine ya kukimbilia, na mtu anaweza kumaliza kilomita zake pale huku akitazama televisheni. Mimi nakimbia ugenini kwa sababu nyingine kabisa: mkimbiaji ndiye mgeni pekee ambaye hakuna anayetaka kumuuzia kitu.

Mtazame mgeni anayetembea. Begi mgongoni, simu mkononi, shingo juu akishangaa majengo. Kila mwenye cha kuuza anamwona tangu mbali: mwenye vinyago vya ukumbusho, dereva wa teksi, kijana anayegawa vipeperushi vya safari za boti. Mji mzima unamgeukia na kumvalia sura ya biashara. Sasa mchukue mtu huyo huyo, mvalishe kaptula na fulana iliyolowa jasho, mpitishe mtaa ule ule akihema. Hakuna atakayemwita. Pochi hana, muda hana, na hali yake si ya kununua chochote. Watu wanaendelea na shughuli zao, naye anapita katikati yao akiwaona walivyo wakati ambapo hawamchezei mgeni.

Tena mkimbiaji ana sababu ya kuwepo. Ukisimamasimama kwenye mtaa wa makazi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukichungulia mageti ya watu, utaulizwa unamtafuta nani. Ukipita mbio, wengi hata hawakutupii jicho. Mbio ni kama pasi ya kuingilia mahali ambapo mtalii hana shughuli.

Sijaona mji unaothibitisha jambo hili kama Venice, ule mji wa mifereji kule Italia. Mchana, vichochoro vinavyotoka kituo cha treni kuelekea uwanja wa San Marco hujaa hadi watu wanakwenda kwa kuburuta miguu. Ukitoka asubuhi mapema unakuta mji mwingine kabisa, mji wa kazi. Magari hakuna, kwa hiyo kila kinachoingia na kila kinachotoka hupita majini, kisha husukumwa kwa mkono. Nilijibanza ukutani kumpisha bwana mmoja mwenye mkokoteni uliorundikwa makreti ya chupa za maji. Mikokoteni ya kule ina magurudumu mawili madogo yaliyochomoza mbele. Akifika kwenye daraja, anakandamiza mpini, yale magurudumu madogo yanakamata ngazi, anausukuma mzigo ukapanda ngazi moja. Anakandamiza tena, unapanda nyingine. Juu ya daraja akapumua, akasema neno ambalo sikulielewa lakini nilijua si la kheri, akaanza kuteremka. Na mji ule una madaraja zaidi ya 400. Chini yetu mashua yenye kreni ilikuwa inanyanyua vitoroli vya takataka na kuvimimina tumboni mwake. Saa chache baadaye watu hao wote huwa wametawanyika, na mgeni anayeshuka kwenye treni anakuta mji msafi, madukani mmejaa bidhaa, asijue zilifikaje.

Halafu kuna suala la mwendo. Mtembeaji wa kawaida huenda kama kilomita 5 kwa saa. Mkimbiaji asiye na papara huenda 9 au 10. Tofauti haionekani kubwa mpaka uitandaze juu ya ramani. Kwa saa moja mtembeaji amezunguka mitaa ya jirani na hoteli yake na kurudi. Mkimbiaji ametoka katikati ya mji, amevuka mto, ameingia kwenye makazi, amegusa ukingo wa bandari au viwanda, na amerudi kwa njia nyingine. Maana yake ameivuka mishono ya mji: pale ofisi zinapoishia na kamba za nguo zinapoanzia, pale njia ya waenda kwa miguu inapokatika ghafla kana kwamba fedha ziliisha, pale reli inapowatenga watu wa upande huu na wa upande ule. Mgeni anayekwenda kwa teksi kutoka kivutio hadi kivutio hana habari kwamba vivutio viwili vinatenganishwa na nini. Basi nalo hupita kote huko, nakubali, ila ndani ya basi huvuki mji, unavushwa.

Ramani ya simu, kwa upande wake, imelala bapa. Ukiitazama San Francisco unaona mistari iliyonyooka ya mitaa, kama daftari la hesabu. Haikuonyeshi kwamba mtaa wa Filbert una kipande chenye mwinuko wa asilimia 31.5, yaani kila mita 100 za kwenda mbele unapanda zaidi ya mita 31. Hapo mbio zinakwisha zenyewe, mikono inashika magoti, na unaelewa kwa nini mji ule ulijengewa tramu za kuvutwa kwa kamba za chuma. Mwinuko wa nchi nao mwili huugundua kabla ya macho. Mtu aliyetoka usawa wa bahari anaweza kulala Addis Ababa usiku mzima asitambue lolote. Asubuhi akikimbia dakika tano tu anajiuliza ni ugonjwa gani umempata. Si ugonjwa. Yuko kwenye mita kama 2,400, ambako kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu robo. Mwili ukikaa huko wiki kadhaa huongeza chembe nyekundu za damu, na ndiyo sababu wanariadha wa mbio ndefu hupiga kambi nyanda za juu. Jambo hilo nilikuwa nalijua kwa kulisoma. Kulijua kwa mapafu ni habari nyingine.

Ninaloambiwa kila mara nikizungumzia haya ni kwamba ukikimbia huoni kitu. Kwa baadhi ya watu ni kweli. Kuna mkimbiaji ambaye macho yake yako kwenye saa ya mkononi tangu anafunga kamba za viatu mpaka anarudi mlangoni. Kila taa nyekundu inamuudhi, kila bibi kizee mwenye mbwa ni kizuizi. Huyo hajasafiri, amehamisha uwanja wake wa mazoezi. Kama ana ratiba ya marathoni inayomdai kasi fulani siku fulani, kwa maoni yangu akaimalizie kwenye mashine, mji auachie siku nyingine. Mbio za kutalii zina kanuni moja tu, nayo ni kusimama bila aibu. Nasimama kusoma kibao, kutazama wavuvi wakivuta kamba, kusikiliza kinanda kwenye dirisha lililo wazi. Saa yangu naizima, maana takwimu za asubuhi kama hiyo hazina maana yoyote.

Wengine wana ugonjwa wa pili: kuchora njia inayogusa kila jengo maarufu, wapige picha kwenye kila moja, jioni waibandike mtandaoni. Hiyo ni ziara ya basi iliyotokwa jasho.

Hata hivyo, ile pasi ninayoisifu haigawiwi kwa usawa, na nisiposema hivyo nitakuwa nauza maneno. Mwanamke anayetaka kukimbia ugenini hufanya hesabu ambazo wanaume wengi hawazijui kabisa: jua linachomoza saa ngapi, njia ina watu, avae nini, aache vipokea sauti au la. Na kuna rangi ya ngozi. Tarehe 23 Februari 2020, Ahmaud Arbery, kijana mweusi wa miaka 25, alikuwa akikimbia kwenye mtaa wa makazi katika jimbo la Georgia, Marekani, si mbali na nyumbani kwao. Wanaume watatu weupe walimfukuza kwa magari, mmoja akampiga risasi akafa. Walidai walimshuku kuwa mwizi. Novemba 2021 mahakama iliwatia hatiani kwa mauaji. Yeye hata mgeni hakuwa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwa uchangamfu kwamba mkimbiaji anaweza kupita popote duniani, huwa namtazama kwanza ni nani anayesema.

Ndiyo maana siku ya kufika huwa nauliza mapokezi, na nauliza kwa namna maalumu. Usiulize kama mtaa ni salama, kwa sababu mhudumu wa hoteli ameajiriwa kukutoa wasiwasi. Muulize: wewe ungekimbilia wapi, na saa ngapi? Uso hubadilika. Anaacha kuwa mhudumu, anaanza kukupa habari za kweli: pita kulia, siyo kushoto, kule kuna mbwa, ukifika kambi ya jeshi geuza, subiri kupambazuke.

Nyingine ni ndogondogo. Fuata maji kila yanapopatikana, maana maji hayapotezi mtu. Chicago kuna njia ya karibu kilomita 29 kandokando ya ziwa Michigan, na ziwa liko mashariki wakati wote. Ukienda likiwa kulia kwako, utarudi likiwa kushoto, huhitaji simu. Ukitoka nchi inayoendesha magari kulia ukaenda Uingereza au Japani, ubongo utaendelea kutazama upande usio sahihi kila unapovuka, hasa ukiwa umechoka, kwa hiyo simama kabisa utazame pande zote. Beba kadi ya chumba, na jina la hoteli kwenye karatasi kwa maandishi ya wenyeji. Asubuhi ya kwanza, kama umeruka mabara, unaweza kuamka saa kumi alfajiri utake usitake. Badala ya kugombana na dari, subiri mwanga, kisha toka. Mwanga wa asubuhi ndio unaoisaidia saa ya mwili kujipanga upya, hasa kwa aliyeruka kuelekea mashariki.

Kuhusu wenyeji wanaokimbia, ningeweza kuandika makala nyingine. Hao ndio walimu. Tokyo, wakimbiaji huizunguka Kasri ya Kifalme kwa njia ya takriban kilomita 5 isiyo na taa hata moja ya barabarani, na wote huenda upande mmoja, kinyume cha mshale wa saa. Mgeni akianza kwa upande mwingine hagombezwi na mtu. Ataona tu kundi zima linamjia, linajigawa kumpisha, linajiunga tena nyuma yake, mpaka ageuke mwenyewe. Bangkok, kwenye bustani ya Lumphini, ukiwa kwenye mzunguko wako wa kilomita 2 na nusu hivi, saa mbili asubuhi au saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa unapigwa kwenye vipaza sauti. Kila mtu anasimama palepale alipofika, mguu mmoja mbele, jasho linadondoka kidevuni. Wimbo unaisha, raba zote zinaanza kulia kwa pamoja. Hakuna anayehitaji kukueleza la kufanya, na kwa dakika hiyo hutofautiani sana na waliokuzunguka.

Siku hizi zipo pia ziara za kukimbia zenye kiongozi, ambaye anakimbia mbele huku akikusimulia historia. Kwa anayeogopa kutoka peke yake si jambo baya. Tatizo langu nazo ni kwamba zinakurudisha kuwa mteja, na mtu aliyelipwa kukufurahisha hatakupitisha nyuma ya soko. Napendelea parkrun, ile iliyoanzia bustani ya Bushy, London, mwaka 2004: kilomita 5, kila Jumamosi asubuhi, bila malipo, na sasa imeenea nchi zaidi ya 20. Unafika, unakimbia na watu wa mtaa ule, mkimaliza wanabaki wakipiga soga, nawe umo.

Na nikiwa na uhuru wa kuchagua tiketi, hupenda kutua Jumamosi, kwa sababu miji mingi huwafungulia barabara wenye miguu Jumapili. Bogotá, Kolombia, ndio mwalimu wao. Tangu mwaka 1974 kumekuwa na Ciclovía: siku hizi, Jumapili na sikukuu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, zaidi ya kilomita 120 za barabara kuu hufungwa magari, na baiskeli, watoto, wazee na wakimbiaji wanaingia kwenye lami. Barabara ambayo Jumatatu usingethubutu kuivuka unaikimbia katikati ya mstari. Ila Bogotá iko kwenye mita 2,600, kwa hiyo kilomita ya kwanza iende taratibu.