Klori ya ufukweni Goma: pande mbili na kipimo kinachosahaulika

Kolera ikipanda Goma, mashariki mwa Kongo, vibanda vya klori hurudi kwenye fukwe za Ziwa Kivu: meza, ndoo ya dawa, mhudumu mwenye glavu na sindano isiyo na ncha. Mtekaji anajaza bidoni ya lita 20, anapigiwa dawa, anafunga kizibo, safari inaanza, kichwani au kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Mabishano nayo hurudi pamoja na vibanda. Upande mmoja unasema hizo ni fedha zinazomwagwa ziwani, heri zipelekwe kwenye mabomba. Upande wa pili unauliza watu wanywe nini mpaka hayo mabomba yafike. Niko karibu na upande wa pili, kwa sharti ambalo wenyewe hawalipendi sana: kazi hii ipimwe nyumbani kwa watu, si ufukweni.

Kwanza, kwa nini mji mzima unaweza kujikuta ziwani ndani ya siku moja? Goma imekaa juu ya lava. Kuchimba kisima hapa si kazi ya jembe, na choo cha shimo refu ni shida vilevile, kwa hiyo kinyesi hakiendi mbali na mvua inakitembeza. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza tu, wengi wao kwa kolera na kuhara damu. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ilikata mabomba na kuharibu tangi kubwa, na watu wapatao nusu milioni wakabaki bila maji. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika, pampu zikanyamaza, bidoni zikashuka tena ziwani.

Wanaotetea mabomba wana ushahidi mzito kuliko huo wanaoutaja. Uvira, kule Kivu Kusini kando ya Tanganyika, watafiti walilinganisha maji yaliyosukumwa mjini kila siku na wagonjwa walioingia kituo cha matibabu ya kolera kati ya 2009 na 2014. Baada ya siku moja bila maji ya bomba, wagonjwa waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na siku ya maji tele. Hakuna sindano inayoshindana na hilo, kwa sababu bomba huleta wingi: maji ya kunawa, ya kufulia, ya kusafishia choo. Viwango vya dharura vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Nyumba ya watu saba inahitaji basi bidoni tano na zaidi kila siku. Anayepandisha maji kwa mguu mpaka Ndosho, mtaa ulio juu mbali na ziwa, hafikishi kiasi hicho. Anabana, na cha kwanza kubanwa ni kunawa mikono.

Ila bomba la mgao nalo lina ubaya wake. Maji yakikatika, msukumo ndani unashuka, na bomba lenye ufa hunyonya uchafu ulio nje yake. Kwenye mji wa mawe, ambako kulifukia bomba vizuri ni gharama, nyufa hazikosekani. Robine iliyotoa maji mazuri Jumatatu inaweza kutoa maji mabaya Alhamisi, na pale hakuna aliyekaa na kipimo.

Upande wa klori hujivunia bei, na hapo wana haki. Gramu 15 za HTH (chembechembe za klori kavu) yenye klori ya asilimia 65 hadi 70 katika lita moja ya maji hutoa dawa ya asilimia 1, yaani miligramu 10 za klori katika kila mililita. Mililita 4 kwenye bidoni ya lita 20 ni miligramu 2 kwa lita. Lita moja ya dawa inatosha bidoni 250, na pipa la HTH la kilo 45 linatosha bidoni 750,000. Dawa si gharama. Gharama ni watu wa kukaa ufukweni tangu alfajiri, ndiyo maana ufadhili ukikatika kibanda kinaweza kufungwa hata kama pipa limebaki nusu.

Tatizo kubwa liko kwenye maji yenyewe, na halisemwi vya kutosha. Klori inayoua vijidudu kwa nguvu ni ile iliyo katika umbo la asidi ya haipoklorasi. Ikigeuka haipokloraiti, nguvu yake hupungua mara nyingi. Kinachoamua mgawanyo huo ni pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji. Kwenye pH 7.5 ni karibu nusu kwa nusu. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yako karibu na pH 9, na hapo sehemu yenye nguvu hubaki kama asilimia 3 tu. Ni rahisi kutoliona hili, kwa sababu kipimo cha kawaida cha mkononi, kile cha kidonge cha fenoli nyekundu, huishia 8.2: rangi inakoza hadi mwisho wa kipimo, mhudumu anaandika 8.2, basi. Ile kanuni ya kungoja nusu saa na kupata masalio (klori inayobaki ndani ya maji) ya miligramu 0.5 kwa lita iliandikwa kwa maji yaliyo chini ya pH 8. Juu ya hapo masalio yapandishwe, hadi miligramu 1 kwa lita mtu anapokunywa, na kungoja kuongezwe. Bahati njema, kimelea cha kolera hakina ubishi mkubwa na klori. Dawa inafanya kazi hata hapa, ila haifanyi kwa haraka.

Kwa hiyo dozi haikaririwi, inajaribiwa. Weka ndoo nne za plastiki, kila moja na lita 20 za maji ya ufukwe uleule, kisha mililita 3, 4, 5 na 6 za dawa ya asilimia 1. Koroga, funika, weka kivulini, ngoja saa nzima, upime masalio kwa kidonge cha DPD namba 1, kinachogeuza rangi ya maji yenye klori. Chagua ndoo yenye masalio yatakayovumilia safari na usiku wake. Kikomo cha kiafya cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 5 kwa lita, lakini ulimi hukataa mapema zaidi, na mtu aliyetema maji yako leo kesho atateka mbali na kibanda. Mvua kubwa ikishusha tope, jaribio lirudiwe siku hiyohiyo, maana tope linakula klori. Mlima wa kwenda Ndosho, unaolaaniwa kwa kila jambo jingine, hapa unasaidia: mtu akifika, muda wa kungoja umekwisha. Jirani wa ziwa, aliye hatua chache tu, ndiye wa kuambiwa asubiri kabla ya kunywa.

Halafu bidoni. Nyingi zilianza maisha na mafuta ya kupikia, shingo yake haiingizi mkono, na ndani kuna utando unaoteleza. Utando huo unameza klori kabla haijagusa kijidudu chochote. Kuusafisha hakuhitaji dawa ya ajabu: konzi mbili za changarawe (mawe Goma hayakosekani), maji robo ya bidoni, sabuni, tikisa kwa nguvu kila upande, mwaga, suuza mara mbili, kila wiki. Inashangaza jinsi vibanda vinavyopata fedha za fulana na mabango kabla ya mtu wa kusimamia kazi hii.

Kwenye meza yenyewe makosa yanajulikana. Dawa ya jana imeachwa juani. HTH haikuachwa itulie, sindano inavuta mashapo na kuziba. Mistari ya vipimo imefutika. Bidoni ya lita 10 inapigwa mililita 4 badala ya 2, na harufu yake inaanzisha uvumi kwamba dawa inaharibu uzazi, uvumi ambao reko (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa mtaa anaujibu vizuri kuliko gari la kipaza sauti. Na saa: watu huteka kabla ya jua, meza ikifunguliwa saa moja, wale wa alfajiri wamekwisha kwenda na maji yao yasiyo na kitu.

Chanjo? Ipokewe inapokuja. Tangu Oktoba 2022 kampeni za dharura hutoa dozi moja badala ya mbili kwa sababu ya uhaba duniani. Dozi hiyo hukinga kwa angalau miezi sita, na kwa watoto wa chini ya miaka mitano kinga ni hafifu. Inanunua muda, basi.

Ripoti zinazokwenda kwa wafadhili huhesabu bidoni zilizopigwa dawa, na kwangu nambari hiyo peke yake haisemi kitu. Muuguzi wa kituo cha afya na reko wake wapite kaya 10 kwa kila kibanda kila siku, waulize maji yalitekwa wapi na saa ngapi, yamehifadhiwa ndani ya nini, wanachota kwa kikombe gani, kisha wapime masalio. Ufukweni klori ipo na nyumbani haipo: tazama bidoni na kikombe. Haipo kote kuwili: dozi ni mbaya. Maji hayakupita kibandani kabisa: saa za kazi zibadilishwe, au kibanda kihamishwe. Matokeo yarudi kwa mhudumu jioni ileile.

Zile siku 12 za Uvira zinawahusu hata watu wa klori. Pampu ikisimama leo, wagonjwa wataendelea kuja karibu wiki mbili. Anayesimamia pampu ampigie simu mganga mkuu wa zone ya afya saa ileile, vibanda vifunguliwe alfajiri inayofuata, na visifungwe mpaka wiki mbili zipite tangu robine zilipoanza tena kutoa maji. Malipo ya wahudumu kwa siku hizo yawe yametengwa mapema, kabla ya pampu kusimama.